Somo kwa Makatibu: Makosa ya Kiingereza Yageuzayo Maana ya Barua

Wapo watu wa Rufiji wazungumzao Kindengereko nyumbani, na Kiswahili katika mkutano wa chama. Daftari la wanachama, muhtasari wa mkutano na stakabadhi ya mkulima huandikwa kwa Kiswahili, na ndivyo ipasavyo. Lakini korosho ikishatoka ghalani, lugha hubadilika. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania huuzwa India na Vietnam, na mikataba, hati za meli na barua za makampuni ya nje huandikwa kwa Kiingereza. Katibu wa chama cha msingi, ambaye huenda alimaliza elimu ya msingi tu, ile ambayo tangu 1967 hutolewa kwa Kiswahili katika shule nyingi nchini, hujikuta mbele ya barua inayodai jibu kwa lugha asiyoizoea.

Makosa ya Kiingereza ni ya namna mbili. Yako yale ambayo msomaji huyaona, akatabasamu, na kuelewa yaliyokusudiwa. Yako pia yale ambayo msomaji hayaoni kabisa, kwa sababu sentensi inasomeka vizuri, ila inasema jambo jingine. Haya ya pili ndiyo yanayokigharimu chama, na ndiyo yanayoshughulikiwa zaidi katika somo hili.

BARUA YA MFANO

Ichukuliwe kwamba chama kimoja cha msingi katika delta kinangoja magunia matupu 500 kutoka Dar es Salaam. Mzigo huja kwa lori mpaka Nyamisati, kisha kwa mashua hadi kijijini, maji yakijaa. Kampuni inadai kwamba magunia yamekwisha kufika. Chama kinasema hayajafika. Meneja wa kampuni hajui Kiswahili. Katibu anamjibu hivi:

1. We have received your letter on Monday.
2. You ask, "Did you not receive the 500 bags?" Yes.
3. All our committee members did not sign the delivery note.
4. Last season our society borrowed your company 200 bags.
5. The bags which we are waiting for them must reach us until Friday.
6. Our treasurer he will be at Nyamisati at two o'clock in the morning.
7. Your clerk must not come to inspect our store.

Kabla ya kuendelea, msomaji na achukue kalamu, aisome barua hii polepole, na kutia alama kila anapoona kosa. Kila sentensi ina kosa moja au zaidi. Hakuna hata moja lililotokana na uvivu wa akili. Yote yametokana na Kiswahili kizuri kilichohamishwa neno kwa neno.

MAELEZO YA MAKOSA

Sentensi ya 1. Kiswahili husema "tumepokea barua yako Jumatatu" bila taabu. Kiingereza hakiruhusu "have received" pamoja na siku au tarehe iliyokwisha kupita. Panapotajwa jana, Jumatatu, mwezi uliopita au mwaka 2021, kitenzi huwekwa katika wakati uliopita wa kawaida: "We received your letter on Monday." Siku isipotajwa, "We have received your letter" ni sahihi. Kosa hili ni dogo, na maana haikupotea.

Sentensi ya 2. Hapa hatari inaanza. Mswahili akiulizwa, "Je, hamkupokea magunia?" hujibu, "Ndiyo, hatukupokea," maana anakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Mwingereza hajali namna swali lilivyoulizwa. Hutazama tendo lenyewe. Kama tendo lilifanyika, husema "Yes". Kama halikufanyika, husema "No". Kwa hiyo meneja akisoma "Yes" peke yake, anaelewa kwamba magunia yamepokelewa. Jibu sahihi ni "No, we did not." Kanuni njema ni kutojibu kamwe kwa neno moja: kila "Yes" au "No" ifuatwe na sentensi kamili.

Sentensi ya 3. "Wanakamati wote hawakusaini" maana yake kwa Kiswahili ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesaini. Lakini Mwingereza akisoma "All our committee members did not sign" aghalabu huelewa kwamba si wote waliosaini, yaani baadhi yao walisaini. Kama baadhi walisaini hati ya kupokelea mzigo, basi mzigo ulifika! Katibu alitaka kutoa ushahidi wa chama chake, naye ametoa ushahidi wa upande wa pili. Aandike "None of our committee members signed." Ikiwa kweli baadhi walisaini, aandike "Not all of them signed."

Sentensi ya 4. Katika mazungumzo neno "kuazima" hubeba pande zote mbili: mtu huazima jembe kwa jirani, na jirani humwazima jembe. Kiingereza kina maneno mawili. Anayetoa hu-"lend", na akikwisha kutoa huandikwa "lent". Anayepokea hu-"borrow". Kwa fedha ni rahisi kukumbuka: kukopesha ni "lend", kukopa ni "borrow". Chama kilitoa magunia 200, basi kiandike "our society lent your company 200 bags". Akiona "borrowed", mhasibu wa kampuni atakiandika chama kuwa mdaiwa, na hali chama ndicho mdai.

Sentensi ya 5. Ina makosa mawili. La kwanza ni "them". Kiswahili husema "magunia tunayoyangoja", na kile kiambishi "ya" husimama mahali pa magunia. Katika Kiingereza neno "which" limekwisha kufanya kazi hiyo, na "them" ni mzigo wa ziada. La pili ni "until". Neno "hadi" au "mpaka" hutumika kwa mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenganisha. Jambo linaloendelea bila kukoma mpaka siku fulani huandikwa "until": ghala litakuwa wazi "until Friday". Jambo linalotakiwa kutimia mara moja, kabla siku fulani haijapita, huandikwa "by": magunia yafike "by Friday". Katika mikataba na hati za malipo, neno hili dogo ndilo linaloonyesha siku ya mwisho.

Sentensi ya 6. Katika "mweka hazina wetu atakuwa Nyamisati", kiambishi "a" cha kitenzi ni lazima. Kiingereza hakitaki kurudia mtenda: "Our treasurer will be". Tena "a" ya Kiswahili haibagui mume na mke, lakini Kiingereza hubagua. Ikiwa mweka hazina ni mwanamke, kila atajwapo baadaye huandikwa "she". Kampuni ikiambiwa imkabidhi mzigo "him", kisha akatokea mama, karani mwangalifu ana haki ya kukataa kumkabidhi.

Kosa zito zaidi ni la saa. Saa mbili asubuhi si "two o'clock". Ni "eight o'clock in the morning". Waswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na Waingereza tangu usiku wa manane, kwa hiyo tofauti ni saa sita daima. "Two o'clock in the morning" ni saa nane usiku. Katika delta jambo hili halina mzaha. Mashua hufuata maji, na maji yakishakupwa mlangoni mwa mto hakuna wa kuyarudisha. Mzigo uliofika saa isiyo yake hulala gatini bila mlinzi. Ili kuondoa shaka, katibu na aandike kwa saa 24: "08:00".

Sentensi ya 7. Katibu alikusudia kusema, "Si lazima karani wenu aje kukagua ghala letu," yaani asijisumbue. Kwa kuwa "lazima" ni "must", ameona kwamba "si lazima" ni "must not". Sivyo. "Must not" ni katazo: ni marufuku karani kuja. Meneja atajiuliza, je, chama hiki kinaficha nini ghalani? "Si lazima" huandikwa "need not" au "does not have to".

BARUA ILIYOSAHIHISHWA

We received your letter on Monday. You ask, "Did you not receive the 500 bags?" No, we did not receive them. None of our committee members signed the delivery note. Last season our society lent your company 200 bags. The bags which we are waiting for must reach us by Friday. Our treasurer will be at Nyamisati at 08:00, and she will sign for them. Your clerk need not come to inspect our store, but he is welcome.

Msomaji akizilinganisha barua hizi mbili ataona kwamba maneno yaliyobadilika ni machache. Hata hivyo barua ya kwanza ilikifanya chama kuwa mdaiwa, aliyepokea mzigo na anayezuia ukaguzi. Ya pili inakionyesha kuwa mdai mwaminifu mwenye mlango wazi.

MAKOSA MADOGO YA KUKUMBUKA

Maneno "information", "advice", "equipment" na "luggage" hayana wingi wa "s". Kitenzi "discuss" hakifuatwi na "about". Bei nafuu ni "low price"; kinachokuwa "cheap" ni bidhaa, wala si bei.

ZOEZI

Sentensi moja kati ya hizi sita ni sahihi. Msomaji na aitafute, na kuzisahihisha zilizobaki.

(a) The storekeeper refused that he took the scale.
(b) Ten bags were removed in the store without permission.
(c) We are waiting for the payment since three weeks.
(d) The committee discussed the price of sesame.
(e) Please remember the members about the meeting.
(f) Few members have paid, so we can begin the work.

Majibu. (a) Kukataa kutenda ni "refuse", bali kukana tuhuma ni "deny": "denied that he took the scale". (b) Kiambishi "ni" cha "ghalani" hakionyeshi kutoka; Kiingereza hutaka "from the store". (c) "We have been waiting for the payment for three weeks". "Since" hutaja mwanzo, kama "since 3 May". (d) Ni sahihi. (e) Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". (f) "A few members have paid". "Few" peke yake hulalamikia uchache.

NJIA YA KUJIKAGUA

Kabla barua haijatiwa muhuri, katibu na aisome mara tatu. Mara ya kwanza atazame nani anatoa na nani anapokea. Mara ya pili atazame tarehe, saa na hesabu. Mara ya tatu atazame kila "not", kila "yes" na kila "no". Kisha ampe mtu mwingine aitafsiri kwa Kiswahili bila kuelezwa kilichokusudiwa. Tafsiri ikitoka tofauti, kosa limo katika barua.

Wala kuandika Kiingereza si sharti la kila shughuli. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na ya utoaji haki. Chama kina kila sababu ya kudai nakala ya Kiswahili ya mkataba wowote, na kamati isitie saini hati ya Kiingereza kabla haijasomwa na kufafanuliwa kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe nalo likiandikwa kwa maneno yasiyo yake, mali hupotea vilevile, na saini ya chama ikiwa chini yake.