Malisho au kiti?

Swali: Wazee wa hapa Garsen husema damu ya 2012 ilimwagika kwa sababu ya malisho tu. Mbona basi kampeni zikikaribia ndipo tunaogopa?

Jibu: Ugomvi wa malisho ni wa zamani: Mpokomo hulima kando ya mto, Mworma hutafuta malka, yaani njia ya kufika mtoni, ya kunyweshea ng'ombe kiangazi. Kilichobadilika ni uzito wa kiti. Katiba ya 2010 ilileta gavana mwenye bajeti, na uchaguzi wa kwanza wa kaunti ulikuwa Machi 2013. Miezi michache kabla yake, tarehe 10 Septemba 2012, kijiji cha Kilelengwani kilishambuliwa. Watu 38 wakauawa, polisi 9 wakiwemo. Sisemi ugatuzi ndio ulioua. Tamaa ya kuutawala, nadhani, ilichochea. Mgombea akikuahidi kukulinda dhidi ya jirani, muulize malka zitafunguliwa lini. Akibabaika, mnyime kura.