Sharia za Utumwa katika Taurati

Katika darsa iliyopita tuliulizwa: Je, Taurati iliamrisha utumwa? Jawabu ni kuwa iliukuta duniani, ikauwekea mipaka. Twaieleza hapa kama isomwavyo leo katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo, nasi twajua kuwa mikono ya watu imeingia ndani yake.

Mtumwa wa Kiebrania aghalabu alikuwa mtu aliyejiuza kwa ufukara, au mwizi asiyeweza kulipa alichoiba. Kutoka, mlango wa 21, wasema atatumika miaka 6, na mwaka wa 7 atatoka huru pasi na kulipa kitu. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, waongeza kuwa bwana asimwache atoke mikono mitupu, akumbuke kuwa Bani Israili nao walikuwa watumwa Misri. Lakini kama mke alipewa na bwana, mke na watoto hubaki. Akishindwa kuwaacha, hutobolewa sikio mlangoni, akawa mtumwa daima.

Aliyevunjwa jino au kuharibiwa jicho na bwana wake alipata uhuru kwa sababu hiyo. Aliyeiba mtu akamuuza, hukumu yake ni kuuawa.

Ama Walawi, mlango wa 25, watenga watu mafungu mawili. Muisraili atumikishwe kama kibarua mpaka mwaka wa 50; mgeni aweza kumilikiwa maisha, na watoto wa bwana wakamrithi.

Hata hiyo haki ya ndugu haikutimizwa. Yapata mwaka 588 kabla ya Nabii Isa (a.s.), Jerusalem ilipozingirwa na jeshi la Babeli, Mfalme Sedekia na watu wake waliahidi mbele ya Mungu kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania, wakawaacha. Hatari ilipowapungukia, wakawarejesha utumwani. Kitabu cha Yeremia, mlango wa 34, chawalaumu vikali.

Ndugu zangu, tusifanye haraka kuwacheka. Sisi Qur'ani imetufanyia kumwacha mtumwa huru kuwa kafara ya makosa, ikamtengea fungu katika zaka, ikatuamrisha kumwandikia mkataba atakaye kujikomboa. Na Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kafara ya kumpiga mtumwa kofi ni kumwacha huru. Hata hivyo, soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa kushurutishwa na Waingereza, na katika Pwani yetu utumwa ulifutwa kwa sheria ya serikali yao mwaka 1907. Kwa nini tulingoja kushurutishwa na wengine katika jambo ambalo Kitabu chetu kilitusukuma kulitenda? Ni kwa kuwa ruhusa tuliishika kwa mikono miwili, na maagizo ya kuacha huru tukayashika kwa ncha za vidole.

Na hata leo yuko amkataaye mposaji mcha Mungu, mwenye kazi na tabia njema, kwa kuwa babu yake alikuwa mtumwa. Mtu huyo naye amemrejesha utumwani aliyekwisha kuwa huru. Basi atakayesoma habari za Sedekia, na aanze kwa kuitazama nyumba yake.

Wallahu aalam.