Je, Kifaa cha Kupima Nguvu za Mguu Chaweza Kuaminiwa?

Ukinunua kilo moja ya nyama, kisha mizani nyingine ikuonyeshe gramu 800, utarudi buchani papo hapo kudai haki yako. Lakini ni wagonjwa wangapi humwuliza mtaalamu wa tiba ya viungo kama kifaa alichotumia kupima nguvu za mguu kinasema kweli?

Misuli ya shavu la mguu, iliyo nyuma chini ya goti, ndiyo hukusukuma unapotembea, kupanda ngazi au kudandia matatu. Imeshikamana na kisigino kwa kano nene. Kano hilo likikatika, misuli hunyauka upesi. Mgonjwa anayeruhusiwa kukimbia kabla nguvu hazijarudi anaweza kulikata tena, na ndiyo maana kipimo hiki si jambo la mzaha.

Kifaa kinachotumika sana hutoshea mkononi. Mtaalamu hukiweka chini ya wayo, karibu na vidole, mgonjwa husukuma, na nambari hutokea. Hapo ndipo penye taabu. Misuli hii imezoea kubeba mwili mzima kila siku. Mtaalamu mwembamba akishikilia kifaa dhidi ya mguu wa mchezaji wa raga, mkono wake ndio utakaoshindwa kwanza. Nambari itakayoandikwa basi ni nguvu za mtaalamu, si za mgonjwa! Kifaa kilichofungwa kwa mkanda au kwenye fremu ya chuma huondoa kasoro hiyo.

Kabla ya kuaminiwa, kifaa hujaribiwa. Watu wale wale hupimwa mara mbili, siku chache zikipita katikati, na pia hupimwa na wapimaji wawili, kila mmoja bila kuona majibu ya mwenzake. Hesabu maalumu hutoa alama kati ya 0 na 1. Watafiti wengi huona 0.75 kuwa alama nzuri, na zaidi ya 0.9 kuwa bora. Hata hivyo alama pekee haitoshi: saa inayochelewa dakika kumi kila siku haigeuki, lakini bado itakukosesha basi.

Mgonjwa anapaswa kujua zaidi ukubwa wa kosa. Tuseme makanga aliyeumia alisukuma kilo 40 mwezi jana, na leo amesukuma 45. Kama kifaa hicho huyumba kwa kilo 8 hata mguu usipobadilika, zile kilo 5 hazithibitishi nafuu yoyote. Goti likinyooshwa siku moja na kukunjwa siku nyingine, au kifaa kikisogezwa kutoka vidoleni, nambari hubadilika pia.

Ipo njia isiyohitaji kifaa: kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino tena na tena. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Lunsford na Perry, walipendekeza mara 25 kuwa kiwango cha mtu mwenye afya. Njia hii hupima ustahimilivu kuliko nguvu za juu kabisa, na kisigino kisipoinuliwa vya kutosha hesabu hudanganya.

Utakapopimwa tena, msomaji, uliza mambo mawili: je, ni mpimaji yule yule na mkao ule ule? Na kosa la kifaa hiki ni kilo ngapi?