Kwa nini wote wananiandama kwenye lasti kadi?

*Mtaalamu, mimi ni dereva wa watalii. Jioni, wageni wakishapumzika, tunacheza lasti kadi watu wanne. Kila nikibakiwa na karata mbili, wenzangu watatu wananigeukia na kunilisha, yaani kuniokotesha karata. Je, wananichukia?*
*Dereva, Karatu*

Jibu: Pole, ndugu dereva. Hawakuchukii. Mkiwa wanne, mchezo una siasa ndani yake: anayekaribia kushinda huwa adui wa wote. Ndivyo ilivyo hata kwenye Commander, mtindo wa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering unaochezwa zaidi na watu wanne, kila mmoja akiwa na karata 100 na pointi 40 za uhai.

Kwanza, usikimbie mapema. Anayemaliza mwanzoni karata zake zote za namba mbili, zile za kulishia, hubaki bila kinga. Tunza moja; kama kanuni za kijiwe chenu zinaruhusu, ukilishwa unaiweka juu na mzigo unahamia kwa anayefuata. Pili, hesabu karata za wenzako, na aliyebakiwa na chache kuliko wewe mtaje kwa sauti. Tatu, usimlishe jirani bila sababu. Mchezo ukigeuzwa, atakulipa. Makubaliano ya kusaidiana yawe ya mzunguko mmoja tu.

Wakionyeshana karata kwa siri, huo ni wizi: badilishaneni viti na mwingine achanganye. Mkicheza kwa fedha, acheni. Kamari isiyo na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ni kosa kisheria. Ukiona posho ya safari inaishia mezani na kuacha huwezi, muone daktari au mshauri nasaha mapema.