Mashine ya kukata majani ikiziba, mkono usiingie

Kiangazi kimeingia, mabua yapo shambani, na wengi mmeanza kuwasha mashine za kukata majani. Urefu wa kukata nimeulizwa sana: sentimita 2 hadi 5 zinatosha, tusikae sana hapo. Leo nataka tuongee jambo ambalo mimi mwenyewe niliwahi kuliruka, na likamgharimu mtu.

Kuna kijana katika kata ninayohudumia nilimsaidia kuchagua mashine ya injini ya petroli. Alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa. Siku ya kumfundisha nilimwonyesha kuwasha, kulisha majani na kupiga hesabu ya mafuta. Kuzibua sikumfundisha, nikidhani hilo kila mtu analijua. Wiki ya tatu mama yake akanipigia simu. Mashine iliziba kwa mabingobingo mabichi, kijana akaizima, akaingiza mkono wa kulia ayavute. Vidole viwili vikaenda.

Angalia hapo: aliizima kweli. Mama alikuwepo, aliona.

Shida ni kwamba kuzima injini siyo kusimamisha visu. Lile gurudumu linalobeba visu limetengenezwa zito makusudi, ili likishashika kasi lisikwame kwenye bua gumu. Uzito huo huo ndio unalifanya liendelee kuzunguka baada ya wewe kuzima swichi. Tena hata likisimama bado hujapona. Mkanda umekaza, na majani yaliyokwama yamebana kisu kama mtego uliotegwa. Ukivuta kile kinachozuia, gurudumu linaruka, pengine robo mzunguko tu. Kidole hakihitaji zaidi ya hapo.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wana mashine za kuondoa theluji mlangoni wakati wa baridi, na ajali yao kubwa ni hii hii. Theluji mbichi inaziba, mtu anazima, anaingiza mkono, kumbe panga la ndani bado limekaza. Sisi theluji hatuna, ila mkono ni ule ule.

Sasa fanya hivi. Mashine ikiziba, zima, kisha ondoka pale mbele. Subiri mpaka uone kwa macho gurudumu limesimama kabisa. Usikisie kwa kusikiliza. Halafu chomoa waya wa plagi, uuweke mbali na plagi yenyewe. Hatua hii vijana wanaiona ni ya woga, lakini ukizungusha gurudumu, mkanda unaizungusha na injini, na injini yenye waya wa plagi inaweza kushika. Kama ni ya umeme, chomoa kabisa ukutani, na plagi yake ikae pale unapoiona. Baada ya hapo tumia mti mgumu wa urefu wa mkono kusukuma majani, hata kama gurudumu limetulia kama jiwe. Kijana wangu sasa mti wake ameutundika kwenye msumari ukutani. Mwanzoni aliufunga kwa kamba kwenye mashine, nikamkatalia: kamba ikinaswa na mkanda umejitengenezea balaa jingine.

Ukiona mashine inaziba kila mara, usiilaumu tu, angalia visu. Kisu butu hakikati, kinasaga na kuvuta, na majani yanajikunja ndani. Noa kabla ya kazi kubwa, kisha kaza bolti zote za visu kwa spana, siyo kwa vidole. Majani mabichi sana yaache yanyauke kidogo, na ulishe kidogo kidogo. Chambua waya, kamba na mawe. Na yule fundi anayekushauri ubadilishe puli ili mashine ikimbie zaidi, mwambie asante, hapana. Visu vile vimepangiwa kasi yake. Ukizidisha, bolti ikiachia inatoka kama risasi.

Mavazi nayo. Mikono mirefu iliyolegea, kanga, mtandio, vyote vikae mbali. Glavu pana pia sizipendi wakati wa kulisha, zinavutwa pamoja na mkono. Watoto wasikae upande majani yanakorushwa. Usiwashe injini ya petroli ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, inaua watu na ng'ombe. Mafuta jaza injini ikiwa imepoa, siyo ikiwa inaunguruma eti unaokoa muda.

Oili kagua kila siku kabla ya kuwasha, mashine ikiwa sehemu tambarare. Injini mpya nyingi zinataka oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 hivi, lakini soma kitabu cha mashine yako.

Mvua zikianza na kazi ya kukata ikapungua, usiiache mashine na petroli ndani. Petroli iliyokaa miezi inaacha utando kwenye kabureta, ndiyo maana msimu unaofuata unavuta kamba mpaka bega linauma. Funga koki ya mafuta, iache injini iunguze yaliyobaki mpaka ijizime. Yaliyo kwenye tangi yatoe, yatumie kwenye pikipiki. Pakaza visu oili iliyotumika, kisha funika mdomo wa kulishia kwa gunia, maana kuku wanapenda kutagia humo.