CNAME: Jina Linalojibu kwa Jina

Kompyuta za intaneti hazijuani kwa majina. Kila pakiti ya data huandikwa namba ya itokako na namba ya iendako, basi. Katika mfumo wa zamani, ambao bado unatumika sana, namba hiyo ina biti 32, nasi huiandika kwa mafungu manne, kama 192.0.2.10. Majina tumeyaweka sisi binadamu, maana namba hazikai kichwani, na isitoshe hubadilika.

Hapo mwanzo majina yote ya mtandao wa ARPANET yalikuwa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa Stanford Research Institute huko California. Wengine wote walilipakua kutoka hapo. Mtandao ulipopanuka, utaratibu huo ukaelemewa, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS: kila mwenye domeni atunze mwenyewe kumbukumbu za majina yake, na mwenye shida aulize. Maelezo ya msingi yanayofuatwa hadi leo yaliandikwa Novemba 1987.

Sasa, anayeuliza habari za jina si lazima ajibiwe kwa namba. Rekodi za DNS zina aina zake. A hutoa namba. MX hutaja seva inayopokea barua pepe. NS hutaja seva zenye mamlaka juu ya domeni. CNAME yenyewe husema neno moja tu: jina uliloulizia ni lakabu, jina halisi ni hili, kaulizie hilo.

Tuchukue example.com, domeni iliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano. Tuseme mwenyewe amefungua duka la mtandaoni kwenye seva za kukodi, na kampuni inayokodisha imempa jina duka.example.net. Ataandika hivi:

www.example.com. 3600 IN CNAME duka.example.net.

Mteja akiandika www.example.com, kivinjari chake huanza kwa kuuliza seva ya DNS, mara nyingi ile ya mtoa huduma wake wa intaneti: namba ya jina hili ni ipi? Seva hiyo hufuatilia mpaka kwa wenye mamlaka ya example.com, ikaambiwa ni lakabu ya duka.example.net. Basi huanza kuuliza upya kwa jina hilo la pili, ikapata 192.0.2.10 na kumpelekea mteja. Ile 3600 ni sekunde: kwa saa nzima jibu linaweza kutolewa tena bila kuulizia upya. Ndiyo maana ukibadilisha rekodi sasa hivi, wapo watakaoendelea kupelekwa kule kwa zamani.

Tazama pia nukta iliyo mwishoni mwa mstari. Katika faili la rekodi, jina lisilo na nukta hiyo huhesabiwa kuwa halijakamilika, na seva hulibandika domeni yako: duka.example.net.example.com, jina ambalo halipo popote. Nukta moja imewakesha watu wengi.

Faida ya mzunguko huu ni kwamba kampuni ikihamisha seva, hubadilisha namba upande wake, na mwenye duka hagusi kitu.

Lakini wengi hudhani CNAME humhamisha mgeni. Haimhamishi. Kivinjari kimepata namba tu. Jina lililo juu ya ukurasa linabaki www.example.com, na kikifika kwenye seva kinaomba tovuti kwa jina hilohilo. Seva isiyolitambua itatoa ukurasa wa kosa au tovuti ya mtu mwingine. Cheti cha usalama nacho lazima kiwe na jina www.example.com, la sivyo kivinjari kitapiga kelele. Kwa hiyo kazi iko pande mbili: kuandika rekodi, na kuisajili domeni kwa kampuni inayohifadhi tovuti. Wala CNAME haiwezi kuelekeza kwenye ukurasa fulani, kama example.net/duka, kwa sababu DNS haijui kurasa.

Swali linalosumbua zaidi ni hili: kwa nini www inakubali CNAME, na example.com yenyewe inakataa? Tukishasema jina ni lakabu, habari zake zote ziko kwa mwenye jina halisi. Likiwa na rekodi nyingine pembeni, majibu yanaweza kupingana, hivyo kanuni inakataza jina lenye CNAME kuwa na rekodi za kawaida za aina nyingine. Na kilele cha domeni, yaani example.com yenyewe, hakiwezi kukosa NS, pamoja na SOA inayoeleza usimamizi wake. Kwa kawaida MX ya barua pepe iko hapohapo pia. Watoa huduma wengi hulizunguka tatizo kwa kuulizia wenyewe namba ya jina la pili na kuitoa kama A. Nadhani ndiyo njia rahisi kwa mwenye tovuti ndogo. Mwaka 2023 ilitolewa kanuni ya rekodi mpya iitwayo HTTPS, inayoruhusu uelekezaji wa namna hii hata kileleni.

Hatari huja siku ya kuondoka. Ukifunga akaunti ya duka na kuiacha CNAME, jina lako bado linaelekeza kwenye duka.example.net. Kampuni ikimruhusu mtu mwingine kulichukua jina hilo, kurasa zake zitaonekana chini ya domeni yako, na anaweza hata kupata cheti halali. Futa rekodi kwanza, ndipo ufunge akaunti.