Mahindi Yakitafunwa Huita Nyigu

Bwana shamba anajibu maswali ya wakulima wa Picha ya Ndege, Kibaha, na wenzao wa Kisarawe.

Bwana shamba, nikifyeka uani, ile harufu mbichi hutoka wapi?

Jani likikatwa, mafuta yaliyomo huvunjika papo hapo na kuwa mvuke, ndio huo unaounusa. Kiwavi akitafuna mahindi ni habari nyingine. Mate yake huyafanya yatengeneze harufu mpya, nayo hutoka hata kwenye majani ambayo hajayagusa. Nyigu mdogo mweusi, Cotesia sesamiae, huifuata harufu hiyo, akamkuta kiwavi huyo, yaani bungua, na kumdunga mayai. Watoto wa nyigu humla bungua huyo angali hai. Ukipasua bua ukaona vifuko vyeupe kama pamba, usivichome moto. Hao ni askari wako.

Mbegu zote huita hivyo?

Hapana, na hapo ndipo panaponiuma. Mwaka 2011 watafiti wa ICIPE, Kenya, na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walionyesha kuwa baadhi ya mbegu za asili za Amerika ya Kusini na Kati huanza kuita nyigu pale nondo, mama wa bungua, anapotaga tu, kabla jani halijatobolewa. Mwaka uliofuata tabia hiyo ikaonekana hata kwa mbegu za wakulima wa Afrika, kama Nyamula na Jowi. Chotara walizozipima zilikaa kimya. Tulichagua mbegu kwa magunia, harufu hakuna aliyeiuliza. Sisemi uache chotara, ila ile mbegu ya bibi usiimalize yote kwa kuchoma.

Harufu inasaidia na kwenye magonjwa?

Kwa kiasi. Tumbaku ikipatwa na virusi vya batobato hutoa mvuke wa methili salisilati, harufu ile ile ya dawa ya kuchua misuli. Watafiti wa Marekani waliripoti mwaka 1997 kuwa mche wa jirani ukiupata mvuke huo hujikinga vizuri zaidi. Lakini batobato ya mihogo usiingoje iondoke kwa harufu: ng'oa shina linaloumwa, panda pingili safi.

Mihogo yangu Kisarawe inakauka ncha kwa utitiri wa kijani. Nayo huita?

Huita sana. Utitiri huo ulitoka Amerika ya Kusini, ukaonekana Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Adui wake, Typhlodromalus aripo, aliletwa Afrika kutoka Brazili miaka ya 1990. Naye ni utitiri, ila mla wenzake, na huvutwa na harufu ya majani ya muhogo yaliyoshambuliwa. Mchana hujificha kwenye ncha changa, usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Tatizo, mama, ncha hizo ndizo tunazochuma kisamvu. Chuma mashina ya upande mmoja wa shamba, upande wa pili uache ncha zake hadi mvua zikolee.